Habari za Iberia, Ufalme wa Milimani Kati ya Rumi na Uajemi

Wasomaji wetu wayajua majina ya Rumi na Uajemi, maana hutokea mara nyingi katika Maandiko na katika masomo ya habari za kale. Walakini kati ya dola hizo mbili kubwa palikuwa na nchi ndogo ambazo watu hawazisemi sana, nazo ziliishi miaka mingi zikitazama huku na huku, kama mtu aliyejenga kibanda chake katika njia ya tembo. Mojawapo ni Iberia. Tusiichanganye na nchi ya Hispania, ambayo nayo zamani iliitwa Iberia na Wayunani. Iberia tunayoisema ilikuwa mbali mashariki, katika milima ya Kaukasi. Wenyeji wenyewe waliiita Kartli, nayo leo ni sehemu ya nchi ya Georgia.

Mwalimu atakaye kuwasimulia watu habari hizi yafaa achore kwanza ubaoni safu mbili za milima. Ya kaskazini ni Kaukasi yenyewe, ambayo vilele vyake vina theluji mwaka mzima. Kimoja, kiitwacho Kazbek, chapita meta 5,000. Safu ya kusini ni fupi zaidi, na ng'ambo yake ni nchi ya Armenia. Katikati apitishe mto Mtkvari, ambao Wayunani waliuita Cyrus, na kutoka kaskazini aulete mto Aragvi uungane nao. Pale mito hiyo inapokutana ndipo ulipokuwa mji wa mfalme, Mtskheta, na ng'ambo yake, juu ya kilima, ilisimama ngome ya Armazi.

Tena asisahau kuonyesha njia ya Darial. Hii ni njia nyembamba ikatayo Kaukasi, miamba imesimama kama kuta kuume na kushoto, na mto wapita chini kwa ngurumo. Nyuma ya njia hiyo zilianza nyika za kaskazini, walikokaa Wasarmati na Waalani, na baadaye Wahun, watu wa farasi ambao mataifa yote ya kusini waliwaogopa. Mwenye Iberia alikuwa na ufunguo wa mlango ule: aliweza kuwafungia, aliweza kuwafungulia wapite na kuteka nyara katika nchi ya adui yake. Basi hii ndiyo sababu Kaisari na mfalme wa mashariki hawakuiacha nchi ile ikae kwa raha yake. Haikuwa na dhahabu nyingi wala watu wengi. Ilikuwa na mlango.

Strabo, Myunani aliyeandika habari za nchi nyingi siku zile alipozaliwa Bwana wetu, ameiandika Iberia kwa sifa. Asema kwamba ilikuwa na miji mizuri, nyumba zenye mapaa ya vigae, na masoko. Wakaao bondeni walikuwa wakulima, wapenda amani; wakaao milimani walikuwa wengi kuliko wale, nao walikuwa watu wa vita. Watu wote waligawanyika mafungu manne: jamaa ya mfalme, makuhani, ambao pia walisikiliza mashauri ya mipaka na majirani, askari na wakulima, na mwisho watumwa wa mfalme. Tena asema kwamba mali ya kila ukoo ilikuwa mali ya wote pamoja, na mkubwa wa ukoo ndiye aliyeitunza. Jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawatalistaajabia.

Warumi walifika mara ya kwanza mwaka 65 kabla ya kuzaliwa Kristo, jemadari wao akiwa Pompey. Mfalme Artoces alijaribu kumzuia, akachoma daraja la mto, lakini hakufaulu. Watu maelfu waliuawa na maelfu wakatekwa. Artoces akapeleka zawadi, kitanda na meza na kiti cha enzi, vyote vya dhahabu, akiomba amani. Pompey akavipokea kwa ajili ya hazina ya Rumi, wala hakuridhika mpaka mfalme alipowatoa watoto wake wawe rehani. Twaomba msomaji alishike neno hili la watoto wa rehani, maana tutalirudia.

Wakati ule aliyeshindana na Rumi upande wa mashariki ni Waparthi, wale ambao Luka awataja miongoni mwa watu waliokuwako Yerusalemu siku ya Pentekoste. Mwaka 35, Kaisari Tiberio alitaka kuwaondoa Waparthi katika Armenia, akamwandikia Pharasmanes, mfalme wa Iberia. Pharasmanes akaufungua mlango wa milima, akawaleta Wasarmati, akawapiga Waparthi, na ndugu yake Mithridates akawekwa kuwa mfalme wa Armenia. Yaonekana kuwa faida kubwa kwa nchi ndogo. Lakini tazama yaliyofuata.

Pharasmanes alikuwa na mwana, Rhadamistus, kijana mwenye nguvu na mwenye tamaa. Baba yake alianza kumwogopa, asije akautaka ufalme kabla ya wakati wake. Akamwelekeza macho Armenia, kwa Mithridates, ambaye alikuwa baba yake mdogo na mkwewe pia. Mwaka 51 Rhadamistus akaingia Armenia na jeshi. Mithridates akakimbilia ngome iliyokuwa na askari wa Kirumi, lakini mkuu wao alikuwa amekwisha kupokea rushwa. Rhadamistus akamwapia Mithridates kwamba hatamwua kwa upanga wala kwa sumu. Alipotoka nje, wakamtupa chini, wakamlundikia mavazi mazito juu yake mpaka akakata roho. Kiapo kilishikwa kwa maneno yake, na mtu amekufa! Wala Rhadamistus hakudumu. Waarmenia wakamwasi, akakimbia juu ya farasi pamoja na mkewe Zenobia, naye ana mimba. Aliposhindwa kuendelea na safari akamsihi mumewe amwue asije akatekwa. Rhadamistus akamchoma kwa upanga, akamtupa katika mto Araxes, akaenda zake. Wachungaji wakamwokota, yu hai bado, wakamfunga jeraha lake. Tena miaka michache baadaye, Pharasmanes akamwua huyo mwanawe mwenyewe kwa shitaka la uhaini, apate kuwaonyesha Warumi kwamba yeye ni mwaminifu kwao.

Habari hizi ziliandikwa na Mrumi Tacitus. Twazisimulia kwa kirefu, ijapokuwa ni za kuchukiza, kwa sababu zaonyesha jinsi taifa dogo lilivyoweza kuharibika ndani yake kwa kutafuta kibali cha wakubwa. Adui hawakuingia nyumba ya Pharasmanes; urafiki wa Rumi ndio ulioingia.

Mwaka 1867 jiwe lilipatikana karibu na Mtskheta, limeandikwa kwa Kiyunani. Ni la mwaka 75. Lasema kwamba Kaisari Vespasian na wanawe Titus na Domitian waliimarisha kuta za ngome kwa ajili ya Mithridates, mfalme wa Waiberia, rafiki wa Kaisari na wa Warumi. Titus ni yule yule aliyeuharibu Yerusalemu miaka mitano kabla ya hapo. Hivyo mafundi wa Rumi walijenga kuta katika Kaukasi wakati mawe ya hekalu yalipokuwa bado yamelala chini.

Baadaye wafalme wa Iberia walikuwa mara wapole, mara wakaidi. Pharasmanes wa pili alikataa kwenda kumsalimu Kaisari Hadrian. Alikwenda Rumi baadaye, pamoja na mkewe, alipotawala Antoninus Pius, akapokewa kwa heshima nyingi, na nchi yake ikaongezwa. Lakini mwaka 224 nguvu za Waparthi zilivunjika, na mahali pao wakainuka wafalme wa Uajemi wa ukoo wa Sasani. Hawa walikuwa wakali kuliko Waparthi, nao waliishika kwa bidii dini yao ya Mamajusi, waheshimuo moto. Mwaka 298 walishindwa na Warumi, na katika mapatano waliyofanya iliandikwa kwamba mfalme wa Iberia atapokea alama za ufalme wake kutoka Rumi.

Mfalme wa siku zile aliitwa Mirian. Vitabu vya Wageorgia vyasema alikuwa mwana wa mfalme wa Uajemi. Na katika siku za Mirian huyu, kati ya mwaka 326 na mwaka 337, Iberia iliipokea Injili.

Habari ya jambo hilo iliandikwa na Rufinus, mwenye elimu wa Kanisa, mnamo mwaka 403. Aliisikia Yerusalemu kinywani mwa Bacurius, Mwiberia wa jamaa ya kifalme, aliyekuwa mkuu katika jeshi la Rumi. Rufinus amsifu kuwa mtu wa kweli. Naye alipigana upande wa Kaisari Theodosius katika vita vya mwaka 394, akafa. Basi Bacurius alisimulia hivi. Palikuwa na mwanamke mateka katika Iberia. Aliishi kwa kiasi na usafi, akaomba usiku na mchana, hata wenyeji wakaanza kumwuliza maana ya mwenendo wake. Hakuwa na jibu refu. Aliwaambia tu kwamba ndivyo amwabuduvyo Kristo, Mungu wake.

Desturi ya nchi ilikuwa kwamba mtoto akiugua, mama humchukua nyumba kwa nyumba, aone kama yuko ajuaye dawa. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuzunguka kote bila kupata msaada, akamfikia yule mateka. Mwanamke akasema hajui dawa ya wanadamu. Akamlaza mtoto juu ya kitambaa chake cha singa, akaomba, mtoto akapona. Neno likafika kwa malkia, aliyekuwa mgonjwa sana. Malkia akatuma kumwita. Mateka akakataa kwenda katika nyumba ya mfalme, asionekane kujikweza. Ndipo malkia akaagiza achukuliwe yeye mwenyewe mpaka kibandani, akalazwa juu ya kitambaa kile kile, akapona. Mfalme alipotaka kupeleka zawadi, mkewe akamwambia kwamba mwanamke yule haitaki dhahabu wala fedha. Malipo pekee ni kumwabudu huyo Kristo.

Mfalme akakawia. Hata siku moja alikuwa akiwinda mwituni, giza likawafunika mchana, wenzake wakatawanyika, naye hakuiona njia. Akakumbuka maneno ya mkewe, akaweka nadhiri kwamba kama Kristo huyo ni Mungu na amwondolee giza, hatamwabudu mwingine. Nuru ikarudi. Akamwita mateka, akaulizia mafundisho. Naye akamweleza kadiri mwanamke alivyoweza kueleza, na jinsi ya kujenga nyumba ya sala. Rufinus asema kwamba mfalme aliwahubiri wanaume na malkia akawahubiri wanawake, kabla ya wao wenyewe kubatizwa. Katika kujenga kanisa, nguzo ya tatu ikawashinda wanaume na ng'ombe na mitambo. Wakaenda kulala wamekata tamaa, mwanamke akabaki akiomba usiku kucha. Asubuhi nguzo ikaonekana imesimama wima peke yake, haijagusa msingi wake. Kisha wakatuma wajumbe kwa Kaisari Constantine kuomba makuhani.

Wageorgia wamwita mwanamke huyo Nino, na malkia wamwita Nana. Wasema Nino alitoka Kapadokia, akaufunga msalaba wake kwa matawi ya mzabibu na nywele zake mwenyewe. Kaburi lake huonyeshwa Bodbe mpaka leo. Lakini Rufinus, aliyeandika mapema kuliko wote, hakutaja jina lake hata mara moja. Ni "mateka" tu.

Wako wasomaji watakaosema: Mirian alikuwa na sababu nyingine, Kaisari alikuwa rafiki wa Wakristo, na mfalme aliyebatizwa alijua ataungwa mkono na Rumi. Hatukatai. Mfalme aliyekaa penye mlango ule hakuweza kuamua neno lolote bila kuangalia pande zote mbili. Lakini tukumbuke kwamba kama ni hesabu tu, hesabu hiyo iliharibika upesi. Mwaka 363 Kaisari Julian aliuawa vitani katika nchi ya Waajemi, na aliyemfuata, Jovian, akafanya mapatano ya aibu. Muda si muda Shapuri, mfalme wa Uajemi, akamfukuza Sauromaces, mfalme aliyewekwa na Warumi, akamweka Aspacures, jamaa yake. Warumi wakamrudisha Sauromaces mwaka 370 kwa majeshi 12, lakini hawakuweza kumtoa yule mwingine. Shauri likakatwa kwa kuigawa nchi: mto Mtkvari ukawa mpaka, mfalme huyu huku, binamu yake ng'ambo. Kabla ya karne ile kwisha, mkono wa Uajemi ulikuwa na nguvu juu ya Iberia yote. Mtu aliyekuwa Mkristo kwa ajili ya Rumi alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuacha. Hawakuacha.

Neno lililowasaidia sana, kwa maoni yetu, ni maandiko. Mwanzoni mwa karne ya tano walipata herufi zao wenyewe. Waarmenia husema aliyezitunga ni mwalimu wao Mashtots, aliyewatungia Waarmenia herufi zao. Wageorgia hawataki kulisikia neno hilo, na ugomvi haujaisha. Sisi hatutauamua. Lililo hakika ni kwamba katika karne ile ile Injili na Zaburi zilisomwa katika lugha yao, wala si kwa Kiyunani cha Kaisari wala kwa Kiajemi cha mfalme wa mashariki. Moja ya maandishi yao ya kale kuliko yote lilifukuliwa karibu na Bethlehemu, sakafuni mwa nyumba ya watawa.

Huko Palestina aliishi pia yule mtoto wa rehani tuliyeahidi kumrudia. Si mtoto wa Artoces, bali wa mfalme mwingine wa nchi ile ile, miaka karibu 500 baadaye. Alitolewa kwa Kaisari Theodosius wa pili akiwa na umri wa miaka kama 12, ili Warumi wawe na hakika ya baba yake. Akalelewa katika nyumba ya Kaisari, Konstantinopoli. Kijana huyu akatoroka usiku na rafiki yake mmoja, si kurudi kwao kutawala, bali kwenda Yerusalemu kuwa mtawa. Aliitwa Petro Mwiberia, akawa askofu wa Maiuma karibu na Gaza, akafa mwaka 491.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Katika upande wa kusini alikuwako liwali, jina lake Varsken, mtu mkubwa, mwana wa Wakristo. Akaenda Uajemi kwa mfalme Peroz, akaikana imani, akaahidi kwamba mkewe na watoto wake nao wataigeuza dini. Mkewe alikuwa Shushanik, binti wa Vardan, jemadari maarufu wa Waarmenia. Aliposikia, alitoka katika nyumba ya mumewe. Wakamrudisha; Varsken akampiga kichwani kwa chuma cha kuchochea moto, akamfunga minyororo. Akakaa kifungoni miaka sita, akajifunza zaburi zote 150 kwa moyo, akafa mwaka 475. Yakobo, kasisi wa nyumba ile, aliyeingia na kutoka kifungoni mwake, aliandika yote aliyoyaona. Kitabu chake ndicho cha kwanza katika vitabu vya lugha ya Kigeorgia vilivyobaki mpaka leo. Twaona vema kwamba maandiko ya taifa zima yaanze na mtu aliyeketi karibu na mfungwa, akasikiliza.

Mwaka 482 mfalme Vakhtang, aliyepewa jina la Gorgasali, yaani Kichwa cha Mbwa-mwitu, kwa ajili ya chapeo yake, akamwua Varsken, akawaasi Waajemi pamoja na Waarmenia. Vita havikumwendea vizuri. Lakini mwaka 484 Peroz mwenyewe alikufa akipigana mashariki, na Waajemi wakapenda kupatana. Vakhtang ndiye asemwaye kuwa aliujenga mji wa Tbilisi, penye chemchemi za maji ya moto, ambao leo ni mji mkuu wa Georgia.

Amani hiyo haikudumu. Mfalme Kavadh wa Uajemi aliwatolea Waiberia amri kwamba washike desturi za Mamajusi, na hasa kwamba wasizike wafu wao ardhini, bali wawaweke nje waliwe na ndege na mbwa. Procopius, mwandishi wa Kiyunani, ndiye atuambiaye hayo. Kodi walikuwa wameizoea, na askari wa kigeni pia. Kuwatupa baba zao nje hawakukubali. Mfalme Gourgenes akapeleka kwa Kaisari Justin, akiomba kiapo kwamba Warumi hawatawaacha. Kaisari akaapa, akatuma mtu na fedha nyingi kwenda kukodi Wahun, naye hakufaulu. Mwisho likaja jeshi dogo lisilotosha. Gourgenes akakimbia na mkewe, watoto na ndugu zake, kupitia njia za milima mpaka Lazica, na kutoka huko mpaka Konstantinopoli. Vita kati ya dola mbili vikaendelea mpaka mwaka 532, ndipo wakafanya mapatano waliyoyaita Amani ya Milele. Kaisari Justinian alilipa ratili 11,000 za dhahabu. Kuhusu Waiberia, neno lao lilikuwa fupi: waliokimbilia Konstantinopoli wachague, kukaa au kurudi kwao. Wengine walikaa, wengine wakarudi. Amani ya Milele ilidumu miaka minane.

Mnamo mwaka 580 Waajemi wakaukomesha ufalme wa Iberia kabisa, na wakuu wa nchi wakatawala wakiwa hawana taji. Hata hivyo miaka michache tu baada ya hapo, juu ya kilima kiangaliacho Mtskheta, mahali ambapo tangu siku za Mirian ulisimama msalaba mkubwa wa mti, wakuu hao walianza kujenga kanisa la mawe liitwalo Jvari, maana yake Msalaba. Lilikwisha mnamo mwaka 605. Lingali limesimama. Ukutani wamechongwa wakuu wale wamepiga magoti, na majina yao pamoja na vyeo walivyopewa na Kaisari; vyeo ni vya Kiyunani, lakini herufi ni zao wenyewe. Ndani, chini ya kuba, upo msingi wa jiwe wenye pembe nane, uliokuwa umeuchukua msalaba ule wa kwanza. Atokaye nje kwa mlango aiona mito miwili chini, Aragvi na Mtkvari, ikikutana.